Mlima Hakone na Mshipi wa Kupokezana

Katika njia zote zilizounganisha mji wa Kyoto, makao ya wafalme wa Japani kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mji wa Edo, ambao sasa huitwa Tokyo, hapana iliyokuwa mashuhuri kama Tokaido, njia ya pwani yenye vituo 53 na urefu wa kadiri ya kilomita 500. Na katika Tokaido yenyewe hapana mahali palipolaaniwa na wasafiri kama milima ya Hakone, iliyosimama baina ya mji wa Odawara, ulio karibu na bahari, na mji wa Mishima upande wa pili. Mwendo wa kuivuka ni kilomita 32 hivi, ambazo si nyingi kwa mtu aliyezoea safari, walakini karibu zote ni za kupanda au kuteremka, na wakati wa mvua utelezi wake ulikuwa wa kutisha hata serikali ya ukoo wa Tokugawa, katika karne ya 17, ikaamuru njia itandazwe mawe. Sehemu za mawe hayo zingalipo, chini ya vivuli vya mierezi mirefu, na apendaye huweza kuzikanyaga.

Dola iliuona mlima huo kuwa ni mlinzi asiyelala wala kudai mshahara. Mwaka 1619 ilijengwa ngome ya ukaguzi kando ya ziwa Ashi, ambapo kila apitaye alitakiwa kuonyesha cheti chake. Shabaha kubwa ilikuwa kwamba wake wa wakuu wa majimbo, ambao waliwekwa Edo mfano wa rehani ili waume zao wasithubutu kuasi, wasipate nafasi ya kutoroka kwenda makwao. Mwanamke aliyetoka Edo alichunguzwa na wanawake wenziwe waliowekwa kwa kazi hiyo, ambao waliweza kumfumua hata nywele. Jua lilipokuchwa lango lilifungwa, na msafiri aliyechelewa hakuwa na hila ila kutafuta pa kulala. Matarishi wa serikali ndio waliofunguliwa saa yoyote ya usiku.

Matarishi hao walikwenda wawili wawili. Mmoja aliweka begani mti uliofungwa sanduku la nyaraka, na wa pili alikimbia ubavuni pake, akishika taa usiku, ili mwenziwe akijikwaa au akiishiwa na nguvu, mzigo upate bega jingine bila ya kukawia. Hawakuwa na haja ya kujua waraka umetoka kwa nani wala unakwenda kwa nani. Wajibu wao ulianza katika kituo kimoja ukaisha katika kituo kilichofuata, ambapo wengine wawili walikuwa wamekwisha kujifunga viuno wakiwangoja. Kwa utaratibu huo waraka uliotoka Edo uliweza kufika Kyoto kwa muda wa siku tatu hivi, na huo ni mwendo ambao msafiri wa kawaida aliufanya kwa kadiri ya wiki mbili. Waliopangiwa Hakone ndio waliopata fungu la taabu kuliko wenzao, hasa katika kiangazi cha Japani, ambacho kwa hari na unyevu hakiachani sana na mwezi wa Machi mjini Mombasa, kwani mtu aliyetoka Odawara alfajiri akiwa mkavu alifika ziwani amelowa kama aliyetumbukia ndani yake.

Kazi hiyo ilikufa upesi. Ngome ya ukaguzi ilivunjwa mwaka 1869, posta ya kisasa ikaanzishwa mwaka 1871, reli ya kwanza ikafunguliwa mwaka uliofuata, na kufikia mwaka 1889 treni ilikwenda kutoka Tokyo mpaka Kobe. Lakini hata treni haikuthubutu kuupanda mlima Hakone. Iliuzunguka kwa upande wa kaskazini, kupitia Gotemba, mpaka handaki la Tanna lilipokwisha kuchimbwa mwaka 1934. Basi kwa muda wa nusu karne mlima ulipumzika na watu wenye haraka, ukabaki na waogaji wa chemchemi za maji ya moto. Na pengine ungalibaki hivyo lau si joto la siku moja katika nchi ya mbali ambayo kwa desturi haisifiwi kwa joto.

Kanakuri Shizo alizaliwa mwaka 1891 katika mkoa wa Kumamoto, kusini mwa Japani, na utotoni alikwenda shule na kurudi kwa mbio. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha Tokyo alishinda mashindano ya uteuzi yaliyofanywa Haneda mwezi wa Novemba 1911, akachaguliwa pamoja na mkimbiaji wa mbio fupi, Mishima Yahiko, kuwa Wajapani wa kwanza kushiriki katika Olimpiki. Walisafiri kwa meli, kisha kwa treni kuikata Siberia yote, zaidi ya wiki mbili njiani, na kocha wao alikuwa mgonjwa wa kifua. Tarehe 14 Julai 1912, siku ya marathoni ya Stockholm, kipimo cha joto kilipita nyuzi 30. Kanakuri alikuwa amevaa viatu vya kitambaa vya kwao, vile vinavyokitenga kidole gumba, ambavyo nyayo zake zilikuwa nyembamba mno kwa barabara ya mawe. Wakimbiaji 68 walianza, na kadiri ya nusu tu ndio waliomaliza. Mreno mmoja, Francisco Lázaro, alianguka njiani akafariki kesho yake, akawa mwanamichezo wa kwanza kufa kwa ajili ya shindano la Olimpiki za zama hizi. Kanakuri naye, baada ya kupita kilomita 26 hivi, alizunguliwa na kichwa, akaiacha barabara, akaingia katika bustani ya jamaa moja iliyokuwa imekaa kivulini. Walimpa kinywaji, wakamlaza. Alipopata fahamu aliondoka zake bila ya kuwaarifu wenye mashindano, na katika daftari la Uswidi akaandikwa kuwa hajulikani alipo.

Kisa hiki husimuliwa aghalabu kwa kicheko, hasa kwa kuwa mwaka 1967 Waswidi walimwalika Kanakuri, mzee wa miaka 75, aje aimalize mbio yake, naye akaukata utepe kwa muda wa miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na sekunde 20.3. Mimi naona kuwa kicheko hicho kimefunika jambo kubwa zaidi. Kijana aliyetumwa kwa fedha za michango, akabeba jina la taifa zima peke yake, alirudi kwao na aibu ambayo hakuna aliyeweza kugawana naye. Na mambo yote aliyoyatenda baadaye yaelekea kuwa majibu ya maswali mawili yaliyomkuta pale bustanini. La kwanza, mtu hujifunzaje kukimbia katika hari. La pili, kwa nini mkimbiaji awe peke yake.

Swali la kwanza alilijibu kwa mwili wake. Alikwenda pwani ya Tateyama, katika mkoa wa Chiba, akakimbia saa za adhuhuri, jua la utosi, kichwa wazi, ili damu yake izoee lile lililomwangusha. Olimpiki ya mwaka 1916, ambayo angaliiendea akiwa katika ukamilifu wa nguvu zake, haikufanywa kwa sababu ya vita. Hakuacha. Katika miezi ya Julai na Agosti ya mwaka 1919 alikimbia pamoja na rafiki yake Akiba kutoka Shimonoseki, magharibi kabisa ya kisiwa kikuu, mpaka Tokyo, mwendo wa kilomita 1,200 kwa siku 20, katikati ya kiangazi.

Swali la pili lilikuwa limepata mwanzo wa jibu miaka miwili nyuma. Mwaka 1917 Wajapani waliadhimisha miaka 50 tangu makao makuu ya nchi yahamishwe Tokyo, na gazeti la Yomiuri, ambalo mmoja wa wakuu wake wa habari alikuwa mshairi Toki Zenmaro, liliandaa mbio za kuifuata Tokaido ile ile ya matarishi, kutoka daraja la Sanjo mjini Kyoto mpaka bwawa la Shinobazu katika bustani ya Ueno mjini Tokyo. Njia iligawanywa vipande 23. Mbio zilianza alasiri ya tarehe 27 Aprili, zikaendelea mchana na usiku bila ya kusita, na tarehe 29 mkimbiaji wa mwisho wa kikosi cha Tokyo aliingia Ueno katikati ya umati wa watu. Mkimbiaji huyo alikuwa Kanakuri. Mashindano hayo yalipewa jina la ekiden, neno la posta ya kale, na wakimbiaji hawakupokezana kijiti kama ilivyo desturi ya viwanjani, bali mshipi wa kitambaa, upana wa vidole vichache, uvaliwao mshazari kutoka begani mpaka kiunoni upande wa pili, ili mikono yote miwili ibaki huru kwa safari ndefu.

Katika vuli ya mwaka 1919 Kanakuri alikuwa ndani ya treni pamoja na Noguchi Genzaburo, mwalimu na mwanariadha, na Sawada Eiichi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Meiji, wakienda kuamua michezo ya watoto wa shule katika mkoa wa Saitama. Mazungumzo yao njiani yalikuwa ya kiwendawazimu kidogo, na mawazo makubwa mara nyingi huanza hivyo. Walikubaliana kuandaa kikosi cha vijana wa Kijapani kitakachokimbia kwa kupokezana kuivuka Marekani, kutoka San Francisco mpaka New York. Hawakuficha matatizo ya safari hiyo: yako majangwa ya joto lisilo na kivuli, na nyuma ya majangwa iko Milima ya Rocky. Ilipasa basi wateuliwe watu wenye kustahimili, na uteuzi wenyewe ufanywe kwa mbio za kupokezana za vyuo vikuu. Zilifikiriwa njia za kwenda Nikko na za kwenda Mito. Ikachaguliwa ya Hakone, kwa fahari ya tarehe yake, na kwa sababu mlima wake ndio uliokuwa karibu zaidi kufanana na Rocky.

Basi kipande cha mlima hakikutiwa katika mbio za Hakone ili kuwafurahisha watazamaji. Vipande vingine vyote, tukisema kweli, vilikuwa ni njia ya kukifikia kile.

Tarehe 14 Februari 1920 vyuo vinne tu, chuo cha ualimu cha Tokyo, Meiji, Waseda na Keio, vilitoa vikosi vya watu kumi kumi: watano wa kwenda na watano wa kurudi. Mashindano yalianza saa saba mchana, kwa kuwa wanafunzi walipaswa kuhudhuria masomo ya asubuhi kwanza, sharti ambalo lingewashangaza wanamichezo wa vyuo vya leo. Na kwa sababu hiyo waliopewa mlima walianza kuupanda giza likiingia. Hapakuwa na taa njiani. Vijana wa vijiji vya Hakone walitoka na mienge wakasimama kando ya njia kuwaangazia. Mkimbiaji wa Meiji alifika mbele ya wote kama saa mbili u nusu usiku. Asubuhi yake vikosi vilirudi Tokyo, na katika kipande cha mwisho Moteki Zensaku wa chuo cha ualimu, chuo alichosoma Kanakuri, alimpita mtu wa Meiji akawashindia wenzake kwa tofauti ya sekunde 25, baada ya mwendo wa zaidi ya saa 15. Safari ya Marekani haikufanywa. Mazoezi ya safari ndiyo yaliyobaki yakawa safari yenyewe.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na vituko vyake. Mwaka 1925 kikosi kimoja kilimwingiza kwa hila mvuta riksho badala ya mwanafunzi. Naye alikimbia vizuri mno, lakini husimuliwa kuwa kila alipompita mshindani alitoa ule ukelele wa kuomba njia ambao wavuta riksho huutoa barabarani, watu wakamtambua kwa mdomo wake. Chuo chake kiliona haya, mwaka uliofuata hakikushiriki.

Kisha vikaja vita, na vituko vikaisha. Mbio zilisimamishwa mwaka 1941 na 1942, kwa kuwa barabara kuu ilitakiwa na jeshi. Mwaka 1943 wanafunzi waliomba kwa unyenyekevu waruhusiwe mara moja, wakakubaliwa kwa sharti la kuyafanya mashindano kuwa ibada ya kuombea ushindi, yaanzie na kuishia katika hekalu la Yasukuni, ambapo huheshimiwa roho za waliokufa vitani. Wengi waliokimbia mwaka ule walikuwa wakijua kuwa baada ya hapo wataitwa jeshini, na baadhi yao hawakurudi. Tarehe ya michezo ina mashindano machache ambayo washiriki walikimbia kwa nia ya kuaga. Mbio zilifufuka mwaka 1947, katika nchi yenye njaa, kwa viatu vya kuungaunga, na hazikusimama tena.

Sasa tukitazame kipande chenyewe, ambacho ni cha tano, cha mwisho kwa siku ya kwanza. Tangu mwaka 1955 mashindano hufanywa tarehe 2 na 3 Januari, na njia yote ni kilomita 217.1. Mkimbiaji wa nne huja kutoka Hiratsuka kwa njia ya pwani, akafika Odawara, mbele ya kiwanda cha vitoweo vya samaki waliosagwa, akauvua mshipi uliolowa jasho la watu wanne na kumkabidhi mwenziwe. Kutoka hapo mpaka ziwani ni kilomita 20.8. Barabara si ile ya mawe ya matarishi, ambayo hupita bonde jingine, bali ni ya magari. Hata hivyo mwinuko wake haukupungua kwa kutiwa lami. Chemchemi za Hakone-Yumoto hupitwa mapema, miguu ingali myepesi. Baada ya hapo njia huanza kujikunja ndani ya msitu, na pale Ohiradai hupinda ghafula hata mkimbiaji huwaona waliomfuata wakipita chini ya miguu yake. Miyanoshita kuna hoteli ya kale iliyofunguliwa mwaka 1878, na watu hujaa kandokando yake wakipeperusha vibendera, na sauti zao hurudishwa na kuta za bonde. Mbele yake reli ya mlimani huikata barabara, na hapo treni husimamishwa ili mkimbiaji apite. Heshima hiyo sidhani kama wanafunzi wengi wa dunia hii wameipata. Kilele kiko mita 874 juu ya bahari, zaidi ya mita 830 kutoka alipoanzia. Mgeni hudhani kuwa hapo kazi imekwisha, kumbe hapo ndipo wengi walipoharibikiwa: miguu iliyopanda zaidi ya saa nzima hudaiwa ghafula kuteremka kwa kasi mpaka ziwani, na upepo wa ziwa, ambao ni wa barafu, huugonga mwili uliokwisha kuchemka.

Hapa pana fumbo ambalo Kanakuri angelifahamu. Mashindano yaliyobuniwa kwa ajili ya majangwa hufanywa katikati ya baridi, na bado wanaoanguka huanguka mara nyingi kwa upungufu wa maji, kwani jasho halisomi kalenda. Kwa miaka mingi Wajapani, kama mataifa mengi, waliamini kuwa maji humlegeza mkimbiaji, na ruhusa rasmi ya kuwapa wakimbiaji maji njiani haikuja mpaka miaka ya 1990. Naliona jambo hilo kuwa ni lawama isiyo na udhuru, hasa kwa mashindano yaliyoasisiwa na mtu aliyezimia kwa kiu.

Tangu mwaka 1987, mafundi wa televisheni walipofaulu kuyapitisha mawimbi ya picha juu ya vilele na kuwaonyesha watu wa nchi nzima mashindano yanavyokwenda, kipande cha tano kimepata utukufu ambao labda hakikuuhitaji. Aliyewapita wenzake wengi mlimani huitwa mungu wa mlima, lakabu ambayo sikio la Mswahili huipokea kwa hadhari. Wa kwanza kupewa alikuwa Imai Masato wa Chuo Kikuu cha Juntendo, ambaye mwaka 2005 aliwapita watu 11. Wa pili, Kashiwabara Ryuji wa Toyo, alipokea mshipi mwaka 2009 akiwa nyuma ya kiongozi kwa karibu dakika tano, naye mwanafunzi wa mwaka wa kwanza tu, akafika ziwani mbele ya wote. Alikuwa mwenyeji wa Iwaki, katika mkoa wa Fukushima. Mwaka 2012, miezi tisa na ushei baada ya zilizala na mafuriko ya bahari kuuharibu mkoa huo, alishinda kwa mara ya nne, akasema kuwa taabu yake ya saa moja na kidogo si kitu mbele ya taabu ya watu wa kwao.

Lakini mlima ule ule uliowainua hao umewaangusha wengine. Mwaka 2008 chuo cha Juntendo, mabingwa wa mwaka uliotangulia, kilimwona mtu wake akianguka mara kwa mara na kuinuka, mpaka akaondolewa njiani kiasi cha mita 500 kabla ya mwisho. Mwaka 2013 upepo ulivitoa mashindanoni vikosi viwili katika kipande hicho hicho. Anayeondolewa hapotezi nafasi yake peke yake: mshipi hukatika, na wenzake watano wa kesho huruhusiwa kukimbia, lakini jumla ya kikosi haihesabiwi tena. Hata kwa wanaofika, ikiwa wamechelewa zaidi ya dakika kumi nyuma ya kiongozi, kesho yake huanzishwa kwa pamoja. Na katika vituo vya mbele, mkimbiaji ambaye mwenziwe amechelewa kupita kiasi hupewa mshipi mwingine wa rangi nyeupe na manjano aondoke nao. Nimeona picha za vijana wakifika kituoni na mshipi wa chuo mkononi, wamekwisha kuuvua tayari, na mbele yao hakuna wa kuupokea. Katika utaratibu wa matarishi jambo hilo halikuweza kutokea, kwa kuwa waraka ulingojwa hata usiku kucha.

Toka mwaka 2006 mpaka 2016 kipande cha mlima kilirefushwa kikawa cha kilomita 23.4, kikawa kirefu kuliko vyote, na bingwa wa mlima aliweza peke yake kuamua mashindano ya watu kumi. Mwaka 2017 kilirudishwa kama kilivyokuwa. Rai yangu ni kuwa walifanya vyema, maana ekiden ilianzishwa ili mtu mmoja asibebe mzigo wa wote, na kwa miaka kumi ile mlima ulikuwa karibu kuwarudisha Wajapani katika bustani ya Stockholm.

Katika habari hizi wamo pia watu wetu. Mwaka 1983 kijana wa Kenya, Douglas Wakiihuri, alikwenda Japani kufundishwa na Nakamura Kiyoshi, mwalimu mkali aliyekimbia katika Olimpiki ya Berlin ya 1936 na ambaye, akiwafuata wanafunzi wake wa Waseda kwa gari la jeshi katika barabara ya Hakone, alikuwa akiwaimbia wimbo wa chuo. Wakiihuri aliibuka bingwa wa dunia wa marathoni huko Roma mwaka 1987. Mwaka 1989 Wakenya wawili, Joseph Otwori na Kennedy Isena wa Chuo Kikuu cha Yamanashi Gakuin, walikuwa wanafunzi wa kwanza kutoka nje ya Japani kushiriki mbio za Hakone. Otwori alipata wakati bora wa kipande cha pili, na chuo hicho, ambacho zamani hakikutajwa, kilitwaa ubingwa mwaka 1992, 1994 na 1995. Yalizuka manung'uniko, na kanuni ya sasa humruhusu mgeni mmoja tu kukimbia katika kila kikosi. Aghalabu hupangiwa kipande cha pili, chenye kilima cha Gontazaka na vilima vingine mwishoni. Mlima wa kipande cha tano walimu kwa kawaida huwaachia wenyeji, kwa hesabu za mashindano na pengine kwa wivu kidogo.

Mpaka leo hakuna aliyepitia mbio za Hakone akatwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, ambayo ndiyo iliyokuwa kiu ya Kanakuri. Alifariki mwaka 1983, na tangu 2004 mkimbiaji bora wa Hakone hupewa tuzo yenye jina lake. Lakini mwaka 2002 mvulana mmoja wa Kikenya, Samuel Wanjiru, alipokelewa katika shule ya sekondari ya Sendai Ikuei, akavaa mshipi wa kikosi kilichoshinda ekiden ya taifa ya shule mwaka 2003 na 2004, mashindano yanayofanywa mjini Kyoto, ulikoanzia msafara wa 1917. Tarehe 24 Agosti 2008, mjini Beijing, katika joto ambalo wajuzi walisema litawalazimisha wakimbiaji kwenda polepole, Wanjiru alikwenda mbio tangu kilomita za mwanzo, hakupunguza, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32, wakati uliovunja rekodi ya Olimpiki. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki.